Kinu Kabla ya Mashine

Mwezi uliopita nilihudhuria kicheni pati ya binti mmoja wa ukoo wetu, Tabata. Zamu ya meza yetu kutoa zawadi ilipofika, mshereheshaji alinyanyua boksi kubwa juu ya kichwa chake akatangaza: mashine ya kahawa, baa kumi na tano! Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele vilivyopigwa pale havikupigiwa jiko la gesi wala friji. Somo akachukua kipaza sauti, akamwambia mwali kwamba sasa mume hatakuwa na kisingizio cha kukimbilia migahawani, maana kahawa ya kweli itapikwa nyumbani kwake.

Boksi lile lilinunuliwa kwa mchango ambao na mimi nilitoa. Sikusema kitu, kwa sababu furaha ya mwali haikatizwi. Lakini yale maneno, "kahawa ya kweli", yamenikaa moyoni hadi leo, na nimeona niyajibu.

Somo hakuyatunga yeye. Alisema kile ambacho karibu kila mtu wa mjini anakiamini siku hizi: kwamba kahawa nzuri inatoka kwenye mashine, kwamba mashine ikiwa ya bei kubwa na yenye namba kubwa kwenye boksi, kahawa inazidi kuwa nzuri, kwamba asiyemudu hiyo anunue ile ndogo ya vidonge, vile vikopo vya kahawa vya kutumia mara moja, na asiyemudu hata vidonge abaki na kahawa ya kukoroga, au anywe chai anyamaze. Watu wakinijia kuomba ushauri wa kahawa ya nyumbani, swali lao la kwanza ni mashine gani. Hajawahi kunijia mtu akaniuliza buni gani, wala akaniuliza aisage kwa kitu gani.

Nasema imani hiyo si kweli, na inatugharimu fedha na ladha. Chombo cha kupikia ni jambo la mwisho katika kahawa. Kinachoamua kikombe chako ni buni, siku iliyokaangwa, saa iliyosagwa, na kitu kilichoisaga. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kahawa anunue kinu. Akibakiwa na fedha anunue buni. Chombo cha kupikia, kama jikoni kwake kuna sufuria na chungio la chai, tayari anacho.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye shina la ubishi wote.

Punje ya buni iliyokaangwa ni kifuko kigumu kilichojaa hewa, mafuta na manukato. Ikiwa nzima inajihifadhi kwa wiki kadhaa. Ukiivunja, umefungua milango maelfu kwa mpigo mmoja: manukato yanaruka, na hewa ya nje inaingia kuyachachusha mafuta. Ile harufu tamu inayojaa jikoni wakati wa kusaga ni ladha inayoondoka, haitaingia tena kikombeni. Sasa fikiria unga uliosagwa kiwandani, ukapakiwa, ukasafirishwa, ukakaa rafu ya dukani miezi, kisha ukafunguliwa nyumbani na kufungwa na kufunguliwa kila asubuhi. Kilichobaki mle ni rangi na uchungu. Mashine ya shilingi milioni mbili itakutolea rangi na uchungu huohuo, kwa kelele zaidi.

Hilo ni la upya wa kahawa. Kuna la usawa wa chenga, ambalo wengi hawajalisikia kabisa. Maji yanapokutana na kahawa, kwanza huchukua uchachu, kisha utamu, mwisho uchungu. Wataalamu hulenga maji yachukue kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa kahawa: chini ya hapo kikombe kinakuwa kichachu na chepesi, juu ya hapo kinakuwa kichungu na cha kukwaruza koo. Chenga kubwa hutoa ladha yake polepole. Vumbi hutoa yote upesi. Ukizichanganya kwenye chombo kimoja, vumbi limeshafika kwenye uchungu wakati chenga bado ziko kwenye uchachu. Unapata kikombe kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, na hapana mashine inayoweza kukitibu, kwa sababu kosa limeshafanyika kabla maji hayajamwagwa.

Kile kikombe cha visu kinachouzwa pamoja na blenda hakisagi, kinakatakata ovyo, chini vumbi na juu mapande. Kinu cha meno ni kitu kingine. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma au kauri, kimoja kimetulia na kingine kinazunguka, na punje haitoki katikati yao mpaka iwe ndogo kama nafasi uliyoipanga. Viko vya mkono, havihitaji umeme, na kwa kikombe kimoja utazungusha mpini dakika moja au mbili tu. Ukitaka nibaki na kimoja tu kati ya kinu hicho na mashine yoyote ya kahawa, nipokonye mashine.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Wifi yangu wa Mbezi alinunua mashine yake kwa laki tisa. Inang'aa, ina kipimo cha mshale na mdomo wa kupulizia maziwa, na anaifunika kitambaa alichofuma mama mkwe. Jumapili moja alinikaribisha, akanipa kikombe chenye povu zito la rangi ya asali. Nikanywa. Kilikuwa kama mkaa uliolowekwa.

"Wifi," nikamuuliza, "hii kahawa umeifungua lini?"

"Mbona siku nyingi, wifi? Tangu Ramadhani. Bado lipo nusu bati."

Na wakati huo Idi ya kuchinja ilikuwa imeshapita.

Jumapili iliyofuata nilirudi na mfuko wa buni niliyokaanga mwenyewe Ijumaa. Kuikaanga si kazi ya ajabu: kikaango kizito, moto wa wastani, na mkono usiopumzika kugeuza kwa mwiko. Punje zinatoka kwenye kijani zinakwenda manjano, harufu ya nyasi inageuka ya mkate, kisha kama dakika ya kumi zinaanza kualika, pa! pa!, kama bisi. Nikangoja kidogo baada ya mlio huo, nikazimwaga kwenye ungo, nikapepeta makapi yakaruka uani. Nikaziacha siku mbili zitoe hewa yake.

Kwa wifi nilizitwanga kwenye kinu chake cha mbao cha kutwangia viungo, baada ya kukisugua vizuri, nikachekecha vumbi kwa chungio la chai mpaka zikabaki chenga zinazokaribia kulingana, kama mchanga wa pwani ulio mkavu. Tukapika vikombe vinne. Cha kwanza: mashine yake na unga wake wa bati. Cha pili: unga uleule wa bati kwenye planja yangu, lile birika la kioo lenye wavu wa kusukuma chini. Cha tatu: mashine yake na buni yangu. Cha nne: planja na buni yangu. Tukavipeleka barazani alipokaa mama mkwe, mwanamke wa Tanga aliyelelewa kwenye kahawa chungu, bila kumwambia kipi ni kipi.

Alionja kimoja kimoja, taratibu, akisukutua kwa maji kati yake. Kisha akasema: "Mwanangu, hiki na hiki ni ndugu, ila mmoja kavaa povu." Alionyesha cha kwanza na cha pili. Cha tatu alikinusa kwa muda, uso ukafunguka, halafu alipokinywa akakunja kipaji: "Harufu nzuri, lakini kichachu cha kukera." Cha nne alikimaliza, akaomba kingine.

Kile cha tatu kinahitaji maelezo, maana wanaotetea mashine watakikimbilia. Chenga zangu zilikuwa kubwa mno kwa mashine ya espreso. Maji yalipita kwa kasi na kutoka ndani ya sekunde chache, yamebeba uchachu tu. Kweli. Espreso inataka unga laini sana na unaolingana sana, kuliko namna nyingine nyingi za kupika kahawa, na mchi hauwezi kuutoa. Ndivyo ninavyosema. Mashine ile ya laki tisa, ili ifanye kazi iliyonunuliwa, inahitaji kinu cha bei inayokaribiana na yake. Muuzaji hakumwambia wifi jambo hilo. Alimwambia kuhusu baa kumi na tano.

Basi tuzizungumze hizo baa, yaani kipimo cha mgandamizo, kwa kuwa ndiyo hoja nzito ya upande wa pili. Wanasema bila mgandamizo hakuna kahawa ya kweli. Planja na sufuria vinatoa maji ya kahawa tu, mashine ndiyo inatoa kahawa yenyewe.

Kwanza namba. Espreso hupikwa kwa mgandamizo wa kama baa tisa. Kumi na tano iliyoandikwa kwenye boksi ni uwezo wa juu kabisa wa pampu pale maji yanapozuiwa kupita. Haioneshi mgandamizo unaoifikia kahawa, na kama ungefika kweli kwenye kahawa ungeiharibu. Kununua mashine kwa namba hiyo ni kama kununua gari la kwendea sokoni kwa sababu dashibodi yake imeandikwa 280. Na lile povu? Kwenye mashine nyingi za nyumbani kikapu cha kahawa kina tundu moja dogo chini, na kahawa ikipita pale kwa nguvu hutoa povu hata kama unga umekaa tangu Ramadhani. Wifi alikuwa anaona povu akiamini ubora, na povu lilikuwa linatengenezwa na tundu.

Pili, historia. Kahawa ilikuwa inanywewa Yemen karne ya 15. Achille Gaggia wa Milano aliomba hataza ya uvumbuzi wake wa kupika espreso mwaka 1938, na mashine zake za mkono zilizoleta lile povu zito zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo kwa karne kadhaa watu wa Yemen, Makka, Kairo, Istanbul, Muskati, Unguja na Lamu walikunywa kitu ambacho, kwa hoja hii, hakikuwa kahawa. Na Wahaya wa Bukoba, ambao tangu zamani walichemsha buni na majani yenye harufu, wakaikausha na kuitafuna, wakampa mgeni mlangoni kwa heshima, nao tuseme hawakuijua kahawa? Espreso ni namna moja nzuri ya kupika kahawa. Haina haki ya kuwa kipimo cha nyingine zote.

Tatu, waangalie Wataliano wenyewe. Espreso wanainywa mgahawani, wamesimama kaunta, wanalipa, wanaondoka. Nyumbani kwao jikoni kuna moka, kile kibirika cha alumini chenye kiuno, kilichotengenezwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933: maji chini, kahawa katikati, mvuke unasukuma maji juu. Kinakaa juu ya jiko la kawaida, hakina waya, na kinachochakaa zaidi ni ringi ya mpira. Renato, mwanawe Alfonso, ndiye aliyekitangaza dunia nzima, na alipofariki mwaka 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa mbele ya waombolezaji kanisani. Watu walioipa dunia espreso wameridhika na kibirika hicho nyumbani kwa vizazi vitatu. Sisi nani aliyetuambia kwamba kwetu hakitoshi?

Na kama mtu anatafuta mapinduzi makubwa ya kahawa ya nyumbani, asiende kiwandani. Aende jikoni kwa mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908. Melitta Bentz alikuwa amechoshwa na mashapo kwenye kikombe. Akachukua kopo la shaba, akalitoboa kwa msumari, akaweka ndani karatasi ya kukaushia wino iliyotoka kwenye daftari la mwanawe, akamwaga kahawa na maji ya moto. Basi. Ndicho chanzo cha kahawa ya kuchuja kwa karatasi kama tunavyoijua. Kila ninapokumbuka kopo lile na msumari ule naona uchungu jinsi tunavyowafundisha mabinti zetu kwamba wanachokosa jikoni ni mtambo.

Wapo watakaosema: sawa, lakini mashine inaokoa muda. Haiokoi. Mashine ya espreso inayotumiwa inavyotakiwa inahitaji kupashwa moto muda wa kutosha ili chuma chake chote kishike joto, la sivyo kahawa ya kwanza inatoka na ubaridi. Kisha kuna kusafisha kikapu, kufuta mdomo wa maziwa kabla hayajagandia, kumwaga trei. Planja ni dakika nne za kungoja, na katika dakika nne hizo unaweza kupasua mayai.

Na umeme, na maji. Mwenye kutunga ushauri wa kununua mashine Ulaya hana haja ya kufikiria umeme wa kwetu unaokatika saa moja asubuhi na kurudi kwa kishindo. Hana haja ya kufikiria maji ya kisima. Dar es Salaam tuna visima vingi vyenye maji mazito ya chumvi na chokaa, na mashine hailambi maji hayo bila kudhurika. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na mashine iliyokufa kabla ya mwaka kuisha. Fundi alipoifungua alinionyesha bomba lake: chokaa nyeupe ilikuwa imejaa hadi tundu la ndani likabaki kama la sindano. Akatafuta pampu Kariakoo nzima, hakuipata. Akasema kwa upole kwamba ningemletea feni angenisaidia. Mashine ile bado iko stoo, naamini, maana hakuna anayethubutu kutupa kitu kilichonunuliwa kwa fedha nyingi vile.

Juu ya vidonge sitakaa sana. Kidonge kimoja kidogo kina kama gramu tano za kahawa, kwa hiyo kilo moja ni vidonge mia mbili. Chukua bei ya kidonge kimoja dukani kwako uizidishe kwa mia mbili. Hata kingeuzwa shilingi 1,500 tu, umenunua kahawa kwa shilingi 300,000 kilo, na hukuchagua ilikaangwa lini. Mimi wiki ya jaribio lile la kwa wifi nilinunua buni safi ya Kilimanjaro kwa shilingi 32,000 kilo. Mji wa Hamburg, Ujerumani, ulizuia ofisi zake kununua vidonge hivyo mwaka 2016 kwa sababu ya taka, na John Sylvan, mtu aliyebuni aina inayotumika sana Marekani, alisema hadharani mwaka 2015 kwamba wakati mwingine anajuta. Tusianze sisi pale ambapo wao wanajutia.

Sasa nigeukie upande wangu mwenyewe, maana wako wanaonipigia makofi kwa sababu wanadhani natetea dele na kuchemsha kama tulivyozoea. Naam, naitetea heshima ya muuza kahawa. Anayepita na dele lake jioni Kariakoo au Ngamiani ya Tanga, mkaa chini, vikombe vidogo vikigonganishwa mkononi, huyo mara nyingi amekaanga buni mwenyewe na kuitwanga mwenyewe siku ileile. Ndiyo maana kikombe chake kidogo cha bei ya chini kinamshinda mhudumu wa hoteli mwenye mashine ya mamilioni na unga wa mwezi wa tatu. Anayeita kahawa ile ushamba hajui anachokisema. Lakini dele likikaa juu ya mkaa kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, kahawa inaendelea kuiva na kuungua, na kikombe cha saa nne kinaponea kwenye tangawizi na kashata. Nyumbani hatuna sababu ya kuiga hilo. Chemsha maji, epua, tia kahawa iliyosagwa sasa hivi, rudisha kwenye moto mpaka ipande mara moja, epua tena, nyunyiza kijiko cha maji baridi mashapo yashuke, mimina. Usiiache jikoni. Kwa sufuria na kinu peke yake utakuwa umeipita mashine ya wifi.

Vipimo navyo vinasaidia kuliko chombo. Gramu 60 kwa lita moja ya maji, ambayo kwa kikombe cha kawaida ni kama vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Wengi wanatia kimoja, wanapata kitu chepesi, wanaongeza muda wa kuchemsha ili kiwe kikali, wanapata uchungu, kisha wanalaumu sufuria. Joto la maji linalofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96. Aliye Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100, aepue birika angoje nusu dakika hivi. Aliye Mbeya au Nairobi, juu kule, maji yake huchemka kwenye kama nyuzi 94, kwa hiyo amwage moja kwa moja yakiwa yanatokota. Mlima umeshamfanyia kazi ambayo mashine zenye kipimo cha joto zinauzwa kwa ajili yake.

Chombo chenyewe basi? Kwa nyumba yenye watu kadhaa, planja. Anayependa kahawa nzito ya kutia maziwa, moka. Lakini pana jambo moja la afya linalonifanya nisiwashauri wote sawasawa. Mafuta ya kahawa yana kitu kiitwacho kafestoli, ambacho hupandisha lehemu mwilini. Kahawa ya kuchemsha na ya planja huyabeba mafuta hayo hadi kikombeni, karatasi huyazuia. Watafiti wa Uholanzi na nchi za Skandinavia walilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mama mkwe alishaonywa na daktari kuhusu lehemu, kwa hiyo baada ya Jumapili ile nilimnunulia koni ya plastiki na pakiti ya karatasi. Anaiweka juu ya kikombe chake na kumwaga maji kwa birika la chai, polepole, kwa kuzungusha. Ni Melitta Bentz yuleyule wa kopo na msumari.

Najua wapo wanaoipenda espreso kwa dhati, wanaojua wanachokitafuta ndani yake. Siwapingi. Nawaambia tu wahesabu kwa ukweli: kinu cha umeme chenye meno mazuri kwanza, kisha mashine ya kuendana nacho, maji yaliyochujwa, kifaa cha kulinda umeme, na buni mpya kila wiki mbili tatu. Mwenye uwezo wa yote hayo na anunue kwa amani. Ninayempinga ni anayemwambia mwali mwenye mshahara wa kwanza kwamba mlango wa kahawa nzuri ni huo tu.

Nina sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili, na hii inatoka nyumbani. Nimezaliwa Marangu, kwenye kihamba chenye migomba juu na mibuni chini. Baba alituamsha kuchuma kabla jua halijapanda, nyekundu tu, yenye kijani pembeni ilirudi na makofi. Tukaikoboa kwa mashine ya mkono, tukaichachusha, tukaiosha kwa maji ya mfereji, tukaianika juu ya chanja na kuigeuza kwa viganja, tukitoa mbovu moja moja. Ikapelekwa chama cha msingi, ikaenda mnadani Moshi, ikapanda meli. Sisi tulikunywa chai. Chama kikuu cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na katika miaka yote tangu hapo wakulima wengi wa mlima ule wamezeeka bila kuonja vizuri kile kilichotoka mikononi mwao. Mpaka leo sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Tanzania inakwenda nje ikiwa mbichi.

Sasa tunaambiwa tumeanza kunywa kahawa, na mimi nafurahi kwa moyo wote. Lakini angalia fedha inakokwenda. Katika zile laki tisa za wifi, hakuna hata shilingi moja iliyomfikia mtu mwenye mbuni. Zote zimekwenda kwenye bati, pampu na povu. Kwa bei niliyonunulia mimi, laki tisa ni kilo 28 za buni, na nyumba inayotumia gramu 40 kwa siku itazinywa karibu miaka miwili. Kilo 28 zinazonunuliwa na mtu anayeuliza imetoka kijiji gani, imekaangwa tarehe ngapi, na anayerudisha mfuko usio na tarehe ya kukaangwa. Mteja wa namna hiyo akiongezeka, wakaangaji wa Moshi, Mbinga na Bukoba wataongezeka, na sehemu ya thamani inayoondoka bandarini itabaki huku. Mteja wa mashine haulizwi hayo na yeye hayaulizi; ameshamaliza fedha yake kabla ya kufika kwenye rafu ya kahawa.

Wifi anaiweka mashine palepale, na sijamwambia aiuze. Amenunua kinu cha mkono. Unga wa bati aliumwaga kwenye vyungu vya maua.

Yule mwali wa Tabata nitakwenda kumwona Jumamosi hii na mume wake. Nimemfungia kinu chenye meno ya chuma na kilo moja ya buni ya Marangu, tarehe ya kukaangwa imeandikwa kwa kalamu kwenye mfuko: Jumatano. Kama hana planja, sufuria ninajua anayo. Alipewa seti mbili siku ileile.